Ufahamu wa GRE: Yamebaki Majibu Mawili, Nichague Lipi?

Safari hii tumezikusanya pamoja barua za wasomaji wanaojiandaa kwa GRE, mtihani wa ETS, taasisi ya mitihani ya Marekani, ambao baadhi ya vyuo huwataka waombaji wa shahada za uzamili na uzamivu waufanye. Karibu zote zinalia na sehemu moja, ile ya ufahamu. Kabla hujalipia, fungua ukurasa wa udahili wa idara unayoiomba. Idara nyingi zimeacha kuudai, na hakuna sababu ya kuchoma pesa kwa alama ambazo hakuna atakayezisoma.

*Shikamooni wahariri. Kifungu nakisoma na kukielewa, majibu matatu nayakata bila shida. Yanabaki mawili, na kila mara naangukia lililo baya. Ni Kiingereza changu? — Msomaji, Mwanza*

Marahaba. Anayeweza kukata majibu matatu kwa haki hana shida ya Kiingereza. Tunashuku shida iko kwenye swali unalojiuliza ukifika hapo: "Lipi zuri zaidi?" Mtunzi hakuandika jibu zuri na jingine zuri zaidi. Ameandika moja linalobebwa na kifungu na manne yenye kosa, na kosa hilo mara nyingi limejificha kwenye neno moja au mawili. Ukiacha kutafuta uzuri ukaanza kutafuta kosa, mambo yanabadilika.

Tumetunga kifungu kwa Kiswahili makusudi, ili Kiingereza kisiwe kisingizio:

Kilimo cha mwani kilipoanza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, kotonii ndiyo ilikuwa aina yenye bei kubwa kuliko spinosamu. Hata hivyo, spinosamu ndiyo iliyodumu. Kotonii haivumilii maji yanapopata joto, na katika maeneo mengi imekufa. Baadhi ya wataalamu wamependekeza kotonii ihamishiwe kwenye kina kikubwa, ambako maji ni baridi zaidi. Lakini wakulima wengi ni wanawake wasiojua kuogelea, waliozoea kufanya kazi hiyo kwa miguu maji yakishakupwa. Kwa hiyo suluhisho linalotibu mmea linaweza kuwaacha nje watu wanaoutegemea.

Swali: mwandishi angekubaliana na kauli ipi?

A. Wakulima wa mwani wamekataa kuhamia kwenye kina kikubwa.
B. Mpango wa kuhamishia kotonii kwenye kina kikubwa hauwezi kufanikiwa.
C. Njia inayoufaa mmea si lazima iwafae wanaoulima.
D. Spinosamu ina bei ndogo kwa sababu inavumilia joto.
E. Mwani wa Unguja hutumika viwandani kugandishia vyakula.

A imeongeza hatua. Kifungu kinasema wengi hawajui kuogelea; hakisemi waliombwa wakakataa. Hadithi hiyo umeimalizia wewe kichwani. D imeokota mambo mawili, bei na joto, ikayafunga kwa "kwa sababu" ambayo kifungu hakikuiweka. Mtego huu unawanasa wanaosoma mbiombio, kwa vile kila neno lake wamelikuta kwenye kifungu na linawaridhisha kwa sura. E ni kweli huko nje, na ukiwa mtu wa Paje au Jambiani utaliona jibu hilo kama ndugu yako. Kifungu hakikutaja viwanda wala vyakula, kwa hiyo halimo.

Tumefika pale unapokwama, B na C. Usizisome tena zote mbili toka mwanzo, tazama zinapoachana. B inasema "hauwezi". Rudi kwenye kifungu: "linaweza kuwaacha nje". Mwandishi ameonya, hajatoa hukumu, na upande wa mmea ameshakubali kwamba suluhisho linatibu. B imekufa kwa neno moja. C inasema "si lazima", kauli nyepesi isiyodai ushahidi mwingi, na sentensi ya mwisho inaibeba yote.

Kwa jumla, kauli zenye "huenda", "baadhi" au "mara nyingine" huhitaji ushahidi mdogo kuliko zenye "daima" na "kamwe", ndiyo maana huwa sahihi mara nyingi zaidi. Lakini usiifanye sheria. Kifungu kikisema kwa ukali kwamba nadharia fulani imeanguka, jibu la upole linaweza kuwa ndilo lenye kosa.

Ongeza tabia moja. Kabla hujatazama majibu, sema jibu lako mwenyewe kwa maneno matano au sita, hata kwa Kiswahili. Hapo juu ungesema: "dawa ya mwani inaweza kuwaumiza wakulima". Ukishuka kwenye majibu na kauli hiyo mkononi, ni vigumu B ikuyumbishe. Ukishuka mikono mitupu, majibu ndiyo yatakayokuambia cha kufikiri.

Kifungu hichohicho kinaweza kukuletea swali la namna nyingine: sentensi inayotaja kuogelea ina kazi gani? Wengi hujibu "kueleza mazingira ya kazi ya wanawake". Hicho ndicho sentensi inachosema, na swali halikuuliza hivyo. Limeuliza imewekwa pale kwa ajili gani. Imewekwa kuonyesha kikwazo cha pendekezo lililotangulia. Njia ya kulipata jibu ni kusoma sentensi ya nyuma yake na ya mbele yake, kisha kutazama kiungo, hapa "lakini". Kwenye Kiingereza viungo vya kuwinda ni "however", "although", "yet", "nevertheless" na "but" ya kawaida. Penye kiungo cha kugeuza, swali haliko mbali.

*Muda unaniishia. Nikifika maswali matatu ya mwisho nabofya tu. Wenzangu wanamaliza vipi? — Msomaji, Mombasa*

Tupige hesabu. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa. Upande wa lugha una maswali 27 katika sehemu mbili: maswali 12 kwa dakika 18, kisha maswali 15 kwa dakika 23. Hiyo ni takriban dakika moja na nusu kwa swali, lakini ukigawa sawasawa hivyo utaumia, kwa sababu karibu nusu ya maswali ni ya kujaza mapengo, na hayo hayana kifungu cha kusoma.

Chukua sehemu ya kwanza, tuseme ina maswali sita ya mapengo na sita ya ufahamu. Ukijibu la pengo kwa sekunde 50, sita yanakula dakika 5. Zinabaki 13 kwa maswali sita ya ufahamu, yaani dakika 2 na sekunde 10 kila moja, kusoma kifungu kukiwa ndani yake. Kifungu cha aya moja kisomwe kwa dakika moja au zaidi kidogo. Chenye aya kadhaa, ambacho hutokea kwa nadra, kinastahili dakika 3, na usizionee uchungu, maana kinabeba maswali zaidi ya moja.

Ndani ya sehemu unaruhusiwa kuruka, kuweka alama na kurudi. Maswali yote ya sehemu yana uzito sawa, hivyo swali gumu la kifungu kirefu halilipi zaidi ya pengo jepesi. Wengi hufanya mapengo yote kwanza. Jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo pasibaki swali tupu. Tenga sekunde 30 za mwisho za kujaza yaliyobaki. Ugumu wa sehemu ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza, basi usiifanye ya kwanza kuwa ya kupasha misuli moto.

Muda wenyewe unaliwa wapi? Kwa wanaotuandikia, mara nyingi ni kwenye kurudia sentensi moja mara tatu. Sentensi hiyo kwa kawaida ina majina magumu, labda protini mbili na aina ya bakteria, na msomaji anataka kuyaelewa kabla ya kusonga mbele. Huhitaji. Yape herufi: P, Q, B. Unachotaka kujua ni kwamba P inazuia Q isipokuwa B ikiwapo. Swali likikugusa hapo utarudi, na kifungu kitakuwa bado kiko kwenye skrini.

*Nianze na maswali au kifungu? — Msomaji, Arusha*

Kifungu. Kwenye kompyuta maswali huja moja moja pembeni ya kifungu, kwa hiyo huwezi kuyapitia yote kwa jicho moja kama kwenye karatasi. Isipokuwa pale skrini inapokuambia kifungu kina swali moja tu. Hapo tupia jicho swali kwanza, hasa kama ni la kudhoofisha au kuimarisha hoja, kwa sababu utajua unawinda nini.

*Kuna maswali yenye visanduku vya mraba, majibu matatu tu. Nilidhani yatakuwa rahisi. Napata moja kati ya matano. — Msomaji, Muscat*

Duara la yai maana yake chagua moja. Mraba maana yake chagua yote yaliyo sahihi, yawe moja, mawili au matatu. Hakuna nusu alama: ukipata mawili ukaacha la tatu lililokuwa sahihi, umekosa lote. Mchanganyiko unaowezekana ni saba, kwa hiyo hata kubahatisha hapa ni nafasi moja kati ya saba, wakati swali la majibu matano linakupa moja kati ya tano. Ukibanwa na muda, hili ndilo la kuachwa mwisho.

Kosa kubwa ni kuyalinganisha majibu yenyewe kwa yenyewe. Hapa hayashindani. Ligeuze swali kuwa matatu ya ndiyo au hapana, na kwa kila moja weka kidole kwenye mstari unaolithibitisha. Huna mstari, huna tiki. Na usiogope kuacha na tiki moja tu. Tunaona watu wakiongeza la pili kwa sababu tu mraba unawafanya wahisi lazima yawe mawili.

Utakutana pia na swali linalokutaka ubofye sentensi ndani ya kifungu. Hilo ni swali la kazi, kama lile la kuogelea. Pitia sentensi moja moja na kuuliza, "Hii inafanya walichoeleza?" Kifungu kikiwa kirefu, swali huwa limetaja aya, na sentensi za nje ya hapo hazichaguliki.

*Nimekariri maneno zaidi ya elfu. Kwenye mapengo yananisaidia, kwenye ufahamu sioni faida. — Msomaji, Dodoma*

Ni kweli, na sababu ipo. Swali la maana ya neno kwenye ufahamu hupenda neno unalolijua tangu sekondari likiwa limevaa maana nyingine. "Qualify" si kufuzu pekee. Ni pia kuiwekea kauli mipaka, kuipunguza makali. "Check" ni kuzuia. "Want" ni ukosefu. Maana ya kwanza kichwani mwako itakuwa miongoni mwa majibu, imekaa inakusubiri. Lifunike neno, weka la kwako kulingana na sentensi, ndipo utazame majibu.

Kama nguvu ya kukariri bado unayo, ielekeze kwenye vitenzi vinavyoanza majibu yenyewe. "Refute" ni kuonyesha kwamba jambo si kweli, na ni kuzito kuliko "question", kutilia shaka. "Concede" ni kukubali hoja ya upande wa pili. "Undermine" ni kudhoofisha. "Reconcile" ni kupatanisha mambo yaliyoonekana kupingana. Vitenzi kama ishirini vya namna hii huamua maswali mengi kuliko orodha ya maneno adimu, kwa sababu jibu linaweza kutaja mada kwa usahihi kabisa kisha likaharibiwa na kitenzi kilichotangulia.

*Nimesomea kilimo. Cha kushangaza, vifungu vya sanaa napata, vya udongo na mimea nakosa! — Msomaji, Morogoro*

Haishangazi. Kwenye sanaa hujui kitu, unalazimika kusoma. Kwenye udongo unakijua kifungu kabla hujakisoma. Ukikuta kauli inayopingana na ulichofundishwa, kwa mtihani huu kifungu ndicho chenye haki. Vifungu vya fani yako visome polepole kuliko vingine.

*Maswali ya "kipi kinadhoofisha hoja hii" yananichanganya. Majibu yote yanataja mambo mapya ambayo hayamo kwenye kifungu, na nyie mnasema tusitoke nje. — Msomaji, Kisumu*

Umegusa penyewe. Hii ndiyo aina ambayo jibu linaruhusiwa kuleta jambo jipya. Unaambiwa ulichukulie kuwa kweli, kisha useme linaifanyia nini hoja. Mfano:

Halmashauri iliweka taa katika mitaa mitano. Mwaka uliofuata, wizi ulioripotiwa polisi katika mitaa hiyo ulipungua. Kwa hiyo taa zimepunguza wizi.

Kwanza tenga vitu viwili: ushahidi, yaani ripoti zilipungua baada ya taa, na hitimisho, yaani taa ndizo zilizosababisha. Kati yao pana ufa. Mwandishi amedhani hakuna kingine kilichobadilika. Jibu litapita kwenye ufa huo.

Jibu moja linasema gharama za umeme wa taa ni kubwa. Linaupinga mradi, haliigusi hoja, maana hoja haikusema taa ni nafuu. La pili linasema wizi ulipungua kwa kiwango kilekile katika mitaa isiyowekewa taa. Hili linadhoofisha, kwa kuwa linaashiria sababu nyingine. La tatu linasema wakazi wa mitaa hiyo walianza kuripoti wizi kwa bidii kuliko zamani. Hapa ndipo wengi huteleza. Limegusa neno "ulioripotiwa", linanukia udhaifu. Lifikirie: kama watu wanaripoti zaidi na bado ripoti zimepungua, wizi wenyewe umepungua zaidi ya inavyoonekana. Limeimarisha upungufu ambao hoja imeusimamia. Lingekuwa limesema wakazi wameacha kuripoti, lingekuwa jibu.

Mtego wa kugeuza mwelekeo ni wa kawaida sana kwenye aina hii. Kwenye karatasi ya rasimu chora mshale wa juu kwa kuimarisha, wa chini kwa kudhoofisha, na mstari mlalo kwa lisilogusa. Ukifika jibu la nne kichwa kimechoka, mishale ndiyo inayokumbuka.

*Nilipata alama nzuri ya ufahamu kwenye IELTS. Mbona GRE imeniangusha? — Msomaji, Kigoma*

Ni mitihani ya kazi mbili tofauti. IELTS ni mtihani wa kupima Kiingereza. Sehemu ya kusoma ya IELTS ya kitaaluma ina vifungu vitatu, maswali 40, dakika 60, na inapima kama unaweza kusoma Kiingereza cha chuo. Maswali yake mengi yanapatikana kwa kupitisha jicho kusaka jina, mwaka au neno lenye maana sawa. Ukiipeleka mbinu hiyo kwenye GRE, utaokota jibu lenye maneno ya kifungu, na kwa kawaida hilo ndilo lililowekwa kwa ajili yako. Kitu kimoja cha IELTS kitakufaa sana: lile zoezi la kutofautisha "si kweli" na "halikutajwa". Majibu mengi mabaya ya GRE si uongo, hayakutajwa tu.

*Nifanye mazoezi mangapi kwa siku? Na nikifeli naruhusiwa kurudia? — Msomaji, Nairobi*

Vifungu viwili au vitatu vinatosha, ukivichambua. Wiki mbili za kwanza fanya bila saa. Kwa kila swali, hata ulilopata, andika karibu na kila jibu baya neno moja la kosa lake: limezidisha, limegeuza, limeunga visivyoungana, halimo, nusu sahihi. Ukifika maswali 40 hesabu ni kosa lipi limekunasa mara nyingi. Watu wengi wana moja au mawili, si yote matano, na mazoezi yanayofuata yaelekee huko. Saa iingie wiki ya tatu.

Tumia maswali ya ETS yenyewe kwanza; kwenye tovuti yao kuna mitihani kamili ya majaribio isiyolipiwa. Maswali ya kubuni ya watu wengine mara nyingi yana majibu mawili yanayoweza kutetewa, na yatakufundisha kubishana na kifungu. Usiimalize mitihani hiyo mapema. Weka akiba angalau mmoja kwa wiki mbili za mwisho, ufanye wote kwa mkupuo mmoja, maana mtihani mzima unachukua karibu saa mbili na ufahamu unaousoma umechoka ni tofauti na unaousoma asubuhi na chai.

Kurudia kunaruhusiwa baada ya siku 21, hadi mara tano ndani ya miezi 12. Alama zinatambulika kwa miaka mitano, na ni wewe unayechagua zipi zitumwe chuoni.